Kuingiza Mbari Mpya Katika Ulimwengu wa Mchezo

Mbari, katika michezo ya kuigiza wahusika, ni jamii ya viumbe ambayo mchezaji huchagua kuwa mmoja wao kabla mchezo haujaanza. Mchezo wenyewe huchezwa mezani na watu wachache. Mmoja wao ni msimamizi, ambaye husimulia ulimwengu na kuwasemea wakazi wake. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi pamoja na jina, nguvu, ujuzi na mbari yake. Mchezaji hutaja anachofanya mhusika wake, na pale matokeo yasipojulikana hutupwa dadu, aghalabu ya pande 20. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Mbari zake zilikuwa nne: binadamu, elfi wenye masikio yaliyochongoka na umri wa karne nyingi, dwafi wachimba migodi wenye ndevu, na hobiti wafupi wapenda shibe. Jina la hobiti liliondolewa baadaye kwa kuwa lilitoka katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, na viumbe wenyewe wakabaki kwa jina jingine.

Tangu hapo orodha haijaacha kurefuka. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na mbari 7. Dark Sun, ulimwengu wa jangwa uliotolewa mwaka 1991, uliwakaribisha thri-kreen, viumbe wa sura ya vunjajungu wenye mikono minne. Michezo ya kompyuta nayo ilifuata njia hiyohiyo: World of Warcraft ilianza mwaka 2004 ikiwa na mbari 8, na kufikia mwaka 2012 zilikuwa 13. Sababu ziko wazi. Mchezaji aliyekwisha kuwa elfi mara kumi hutaka sura nyingine, mchapishaji hutaka kitabu kipya cha kuuza, na mtunzi huona pembe ya ulimwengu wake ambayo bado haina watu.

Ugumu ni kwamba ulimwengu wenyewe umekwisha kukaliwa. Una ramani, wafalme, vita vilivyopiganwa, madeni na chuki za zamani, na una wasomaji wanaozijua habari hizo kuliko mtunzi mwenyewe. Mbari ikitokea ghafla, watu huuliza walikuwa wapi siku zote, mbona hawakutajwa katika vita vile vikuu, na nani aliwapa ardhi. Watunzi wamejibu maswali hayo kwa njia nne hivi.

Njia ya kwanza ni kusema mbari hiyo ilikuwapo ila ilifichika. Pandaren wa Warcraft, watu wenye umbo la panda, walianza kama mzaha wa Siku ya Wajinga. Mmoja wao akatokea katika mchezo wa mwaka 2003, na mwaka 2012 wakawa mbari kamili. Hadithi ilieleza kwamba bara lao lilikuwa limefunikwa na ukungu kwa miaka 10,000, na kwamba baadhi yao waliishi juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea baharini. Ukungu ulipoondoka, hakuna ukurasa wa historia uliohitaji kufutwa.

Njia ya pili ni kuja kutoka nje. Mwaka 2007 draenei waliingia Warcraft kwa chombo kilichoanguka kutoka angani. Ujio wao ulipingana na maandishi ya awali kuhusu asili yao, na mtunzi mkuu wa hadithi, Chris Metzen, alikiri hadharani kwamba aliyasahau. Mwaka uliofuata watu-joka waliingizwa katika Forgotten Realms, ulimwengu uliokuwa ukichapishwa tangu 1987. Ili wapate nchi, watunzi walileta balaa la uchawi, wakasogeza kalenda mbele kwa karibu miaka mia moja, na kipande cha dunia nyingine kikaangukia mahali pa nchi ya kale ya Unther. Wapenzi wengi wa ulimwengu huo walikasirika. Watu-joka wenyewe walipendwa. Kilichowaudhi wasomaji ni kuona miji na wahusika waliowazoea wakifutwa ili wageni wapate pa kukaa, na toleo lililofuata lililazimika kuirudisha Unther.

Njia ya tatu ni kuundwa. Eberron, ulimwengu wa Keith Baker uliotolewa mwaka 2004, una askari wa mbao, mawe na chuma waliotengenezwa kupigana vita virefu. Vita vimekwisha, mkataba umewapa uhuru, nao hawajui wafanye nini na maisha yasiyo na amri. Njia ya nne ni adui kugeuka mwenyeji. Orki na goblini waliokuwa wakiuawa katika kila hadithi hupewa makao, lugha na malalamiko yao, na mchezaji huruhusiwa kuwa mmoja wao.

Yote haya yana mfano wa karibu zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, nao ni wa zamani kuliko michezo hii. Kwa vizazi vingi watu wa Mombasa na miji jirani wamekuwa na ulimwengu wa pepo wenye makabila yake, na orodha ya makabila hayo imekuwa ikiongezeka. Kwa wanaoamini, huo si mchezo. Ni maradhi na tiba, na masheikh wengi hukataza ngoma zake. Lakini anayetaka kujua jinsi jamii mpya za viumbe zinavyoingizwa katika ulimwengu ulioimarika atapata hapa mengi ya kujifunza. Mwanaanthropolojia Linda Giles, aliyechunguza ngoma za pepo katika pwani ya Kenya na Tanzania miaka ya 1980, alieleza jinsi pepo wanavyogawanywa kwa asili: wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kisomali, wa Kimasai, wa Kinyika, wa Kipemba, na wa Kibuki kutoka Madagaska. Kila kabila lina lugha yake, mavazi yake, chakula chake na mapigo yake ya ngoma. Pepo wa Kiarabu hutandikiwa vitu vya kistaarabu: udi, marashi, halua. Wa Kibuki, ambao Unguja ndiyo ngome yao, hutaka brandi. Wa Kimasai hujitambulisha kwa shuka jekundu na mkuki.

Orodha hiyo ni historia ya pwani. Wahabeshi wamo kwa sababu wanawake wa Kihabeshi waliishi katika majumba ya masultani wa Unguja. Wabuki wamo kwa sababu majahazi yalikwenda na kurudi Madagaska na Ngazija. Hakuna aliyekaa akatunga pepo ili kujaza nafasi. Kila jamii ya wageni iliyogusa maisha ya mji iliacha kivuli chake katika ulimwengu usioonekana, na kivuli hicho kikapewa mahitaji yanayotambulika.

Namna pepo mpya anavyopokewa ndiyo inayomfaa zaidi mtunzi wa michezo. Pepo anapompanda mtu kichwani, mtu huyo huwa kiti chake. Mganga hamfukuzi papo hapo, bali humhoji. Humuuliza jina lake, alikotoka, na anachotaka. Asipojibu, ngoma hubadilishwa, kwa kuwa huenda amepigiwa mapigo yasiyo yake. Akijibu, hupewa alichoomba, kiti hupata nafuu, na baina ya pepo, mgonjwa na kilinge cha mganga huwa kumefungwa mapatano. Mbari nyingi zinazoshindwa katika michezo hushindwa kwa sababu mtunzi alijibu swali la kwanza tu: zina jina na sura, lakini hazikutoka popote na hazitaki chochote.

Swali la asili lina hazina kubwa katika Mombasa na bara lake, na watunzi wa ng'ambo wamekwisha kuichota. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ilitoa Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt kinachoeleza bara la kubuni lenye misingi ya hadithi za Kiafrika, ambalo msimamizi angeweza kuliunganisha na ulimwengu wowote wa Dungeons & Dragons. Miongoni mwa mbari zake wamo agogwe na kitunusi. Agogwe, watu wadogo wenye manyoya mekundu, walitajwa na William Hichens katika makala ya mwaka 1937 kuhusu viumbe wa ajabu wa Afrika. Hichens huyo ndiye aliyehariri Diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kitunusi naye ni pepo wa majini, ajulikanaye pwani na hata kwa Wapokomo wa Mto Tana, anayesemekana kuwavuta waogeleaji chini. Katika Nyambe alipewa nafasi ambayo michezo ya Kizungu humpa kibwengo mdogo wa ardhini. Jina lilisafiri, ila bahari ilibaki nyuma.

Kiumbe mwingine wa jirani anaonyesha jinsi tabia moja inavyoweza kubeba mbari nzima. Wagiriama husimulia habari za katsumbakazi, kiumbe mfupi mno anayeona haya kwa kimo chake. Alice Werner alizitia katika kitabu chake cha visasili vya Kibantu cha mwaka 1933. Ukikutana naye njiani, huuliza: umeniona ukiwa wapi? Ukijibu kwamba umemwona hapohapo, siku zako zimehesabiwa, kwa maana umekiri kwamba ni mdogo hata hakuonekana kwa mbali. Ukijibu kwamba ulimwona tangu kule ng'ambo, hukuacha uende salama. Mtunzi akimwingiza katsumbakazi mchezoni, hana haja ya kuanza na orodha ya nguvu. Swali hilo moja limekwisha kueleza anachotaka, anachoogopa, jinsi anavyopigana na jinsi ya kufanya naye urafiki. Linaweza hata kuwa kanuni: mara moja kwa siku mhusika wa mbari hii humuuliza adui swali, na adui akijibu bila adabu, dadu zote za usiku huo humgeuka.

Jina na asili vikipatikana, linabaki suala la makao. Hapa historia ya watu wenyewe wa Mombasa ina somo lake, ingawa ni lazima isemwe wazi kwamba makundi ya mji huu ni ya binadamu walewale, si mbari za kubuni. Masimulizi ya kisiwa huanza na malkia Mwana Mkisi, kisha huja Shehe Mvita. Katika karne za 16 na 17 walimiminika watu kutoka miji mingine iliyovunjika au kudhoofika, na majina yao yanasema walikotoka: Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wajomvu. Pamoja na Wamvita, Wakatwa na Wagunya walifanya shirikisho la Miji Tisa. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe walifanya Thelatha Taifa. Wote pamoja ndio Thenashara Taifa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, kila shirikisho lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu, na kila upande ulikuwa na uhusiano wa urafiki na biashara na makundi ya Mijikenda ya bara. Baadaye Wabaluchi walikuja kama askari wa watawala wa Oman wakakaa Makadara, na Mabohora wakajenga msikiti wao ukingoni mwa Bandari ya Kale.

Angalia kilichofanyika. Hakuna mgeni aliyeachwa akielea. Alipata mtaa, mkubwa wa kumsemea, rafiki bara na mpinzani ng'ambo ya kisiwa. Alipata pia wajibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mbari mpya nayo hukaa vizuri pale inapopewa jembe: kazi ambayo ulimwengu ungeyumba kama isingefanywa. Mji ulibadilika kwa kila ujio, lakini haukuwafuta waliotangulia. Hilo ndilo lililokosekana katika Forgotten Realms mwaka 2008.

Baada ya makao huja uwezo, na hapa wengi hujikwaa. Kila mbari hupewa vipawa kwenye karatasi. Mtu-joka wa toleo la mwaka 2014, kwa mfano, aliongezewa nguvu 2 na haiba 1, na angeweza kupuliza moto au baridi kwa madhara ya dadu mbili za pande sita. Kipawa cha namna hiyo hakiharibu kitu, kwani mchawi wa kawaida hufanya zaidi. Kuruka angani ni jambo jingine. Mwaka 2015 walitolewa aarakocra, watu-ndege wanaoruka tangu siku ya kwanza, na matukio rasmi ya Dungeons & Dragons yaliwapiga marufuku, kwa sababu shimo, mto na ukuta huacha kuwa vizuizi mtu anapokuwa na mabawa.

Kipimo kizuri cha uwezo wa mbari ni Ngome ya Yesu ya Mombasa. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira. Mazingiwa yalidumu miezi 33, hadi Desemba 1698, na ndani ya kuta maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko mizinga. Mtunzi anayeweka mji kama huu katika mchezo wake ajiulize: kama watu wenye mabawa wangekuwapo, nani angejisumbua kujenga kuta hizo? Kama watu wanaopumua majini wangekuwapo, chakula kisingeingizwa usiku kwa njia ya bahari? Mbari ikiyafanya mazingiwa hayo kuwa kichekesho, basi mambo mawili yanawezekana. Ama kipawa kipunguzwe, ama historia iandikwe upya kwa kuzingatia kipawa hicho: ngome iwe na paa, bandari iwe na nyavu za chuma, na mkataba uwepo unaowakataza watu wa majini kuingilia vita vya watu wa nchi kavu.

Mfano mmoja uliokamilika utaonyesha jinsi mambo haya yanavyoungana. Tuseme msimamizi ana ulimwengu wa mji wa kisiwa unaofanana na Mji wa Kale wa Mombasa, na anataka kuwarudisha kitunusi baharini mwao. Asili: wanakaa katika kina cha mlango wa bandari, na walikuwapo kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa. Hawakutajwa katika vitabu kwa sababu wenyeji waliwahesabu kuwa pepo, na kumtaja pepo ni kumwita. Wanachotaka: mizoga ya majahazi yaliyozama iachwe mahali pake, kwa maana ndiyo mitaa yao. Kazi: wao ndio marubani, na hakuna nahodha anayethubutu kupita miambani usiku bila kitunusi kuongoza usukani. Malipo: fungu la ushuru wa bandari, linaloshushwa majini kwa kapu kwenye ngazi za forodhani. Uwezo: hupumua majini na huona gizani. Udhaifu: ngozi yao hukauka juani, kwa hiyo mchana hutembea wamejifunga kanga zilizolowa, na wenye maduka huwafukuza kwa kuwalowanishia sakafu. Adui: wavuvi waliopotelewa na jamaa zao, ambao hawasadiki kwamba waliozama walizama wenyewe.

Hapo mchezaji ana mahali pa kuanzia bila kusoma kurasa 50. Mhusika wake anaweza kuwa rubani kijana anayependa nchi kavu, au binti anayetafuta jahazi ambalo mfanyabiashara ameling'oa kutoka chini kwa siri. Kila uamuzi wake unagusa mtu aliyekuwapo tayari mjini: nahodha, mtoza ushuru, mvuvi, muuza duka.

Linabaki suala la heshima, ambalo limewasumbua wachapishaji kwa miaka ya karibuni. Zamani kanuni zilisema mbari fulani ni werevu na nyingine ni wapumbavu, hii ni njema na ile ni ovu kwa kuzaliwa. Fikra hiyo inafanana mno na maneno yaliyotumiwa na wakoloni juu ya watu halisi. Mwaka 2020 Dungeons & Dragons iliruhusu mchezaji kuweka nyongeza za uwezo popote apendapo bila kujali mbari. Kitabu kipya cha mwaka 2024 kiliacha kabisa kutumia neno la mbari kwa viumbe hawa, kikatumia lile la kibiolojia linalotaja spishi, kikawaondoa nusu-elfi na nusu-orki katika orodha kuu na kuwaweka orki kamili. Mombasa yenyewe imewahi kuwa mada ya tahadhari hiyo. Mchezo wa ubaoni uitwao Mombasa, uliotungwa na Alexander Pfister mwaka 2015, uliwafanya wachezaji kuwa wawekezaji wa makampuni ya kikoloni barani Afrika. Ulipotolewa upya mwaka 2022 kwa jina la Skymines, kanuni zilibaki karibu zilezile lakini Afrika iliondolewa, na mahali pake ukawekwa Mwezi.

Kwa watunzi wa pwani, mpaka hauna utata. Kitunusi, katsumbakazi na majini ni mali ya hadithi, na wanaweza kupewa vipawa, kasoro na dadu. Wabajuni, Wagiriama au Wabaluchi ni watu. Kuwaandikia nyongeza ya biashara au pungufu ya ushujaa ni kuwatukana majirani. Na kwa kuwa pepo wa ngoma bado wana viti vyao na waumini wao, mtunzi mwenye adabu hubadili majina na kuchukua mpango tu.

Anayetaka kujaribu asianze na takwimu. Aandike ukurasa mmoja unaojibu maswali matatu ya kilingeni: jina, alikotoka, anachotaka. Aongeze mistari mitatu kuhusu makao, kazi na mpinzani. Kisha amruhusu mchezaji mmoja amjaribu mgeni huyo kwa vikao vichache, wengine waone kama mji bado unasimama. Mbari ikipita hapo, iandikwe katika historia ya ulimwengu huo na isiondolewe tena. Isipopita, tatizo mara nyingi si uwezo wake mdogo wala mkubwa. Ni kwamba hakuna mwenyeji aliyekuwa na sababu ya kuifungulia mlango.